Nani Anashika Daftari? Kazi ya Msimamizi wa Jukwaa katika Tamthilia za Mitaa ya Goma

Mtu anayetazama tamthilia ya mtaani hapa Goma huwaona waigizaji, humsikia mpiga ngoma, na pengine humtambua mwongozaji kwa sababu ndiye anayewashukuru watu mwishoni. Hamwoni yule aliyesimama kando, karibu na mifuko ya mavazi, ameshika daftari la shule na kuangalia saa kwenye simu. Mtu huyo ndiye aliyekwenda kwa shefu wa avenyu wiki iliyotangulia, ndiye aliyechora duara asubuhi, na ndiye atakayebaki jioni akihesabu vikwembe vya kuazima huku wengine wakienda nyumbani. Mambo yakienda vizuri hakuna anayeuliza jina lake. Yakiharibika, kila mtu analijua.

Makala haya yanaeleza kazi yake na matatizo anayokutana nayo kila siku. Kuna sababu ya kuyaandika katika jarida la kitivo cha lugha badala ya kuwaachia watu wa sanaa. Matatizo mengi ya msimamizi wa jukwaa hapa kwetu ni matatizo ya lugha: matini isiyoandikwa, ishara zinazotegemea maneno yanayobadilika, lafudhi inayoweza kumtaja mtu bila kumtaja, na watazamaji wenye lugha nne au tano katika duara moja.

Jina la kazi na mipaka yake

Tuanze na jina. Katika vikundi vya Goma neno linalotumika ni la Kifaransa, régisseur, na hutamkwa hivyo hata katikati ya sentensi ya Kiswahili. Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya tunakutana na msimamizi wa jukwaa na meneja wa jukwaa. Nitatumia la kwanza, kwa kuwa meneja hapa kwetu hudhaniwa kuwa ni mtu mwenye ofisi na pesa, na huyu mara nyingi hana lolote kati ya hayo mawili.

Kazi yake ni tofauti na ya mwongozaji. Mwongozaji huamua tamthilia iweje: nani acheze nini, aingie kwa hasira au kwa unyonge, kisa kiishie wapi. Msimamizi huhakikisha kwamba kilichoamuliwa kinatokea kweli, mahali pake na kwa wakati wake, bila mtu kuumia. Katika kumbi kubwa za Ulaya mipaka hiyo ni ya wazi: siku ya ufunguzi ikishapita mwongozaji anaweza kuondoka, na onyesho hubaki mikononi mwa msimamizi. Katika kikundi cha mtaani cha watu kumi, mwongozaji pia ni mwigizaji, na msimamizi pia ndiye mtunza mavazi, mtunza fedha, na siku nyingine mpiga ngoma. Kwa hiyo mpaka haupo kati ya watu wawili, upo ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Anapaswa kujua ni wakati gani anafikiria kama msanii, na ni wakati gani anafikiria kama mlinzi.

Tamthilia tunayoizungumzia

Goma ina sanaa ya majukwaani. Foyer Culturel na Yole!Africa zimelea kizazi kizima cha wasanii, na Tamasha la Amani, lililofanyika kwa mara ya kwanza Februari 2014 katika Collège Mwanga, lilionyesha kwamba jiji hili linaweza kujaza uwanja kwa ajili ya muziki na ngoma. Makala haya, hata hivyo, yanahusu sanaa inayochezwa chini, bila jukwaa la mbao, katika uwanja wa mpira, mbele ya soko, kwenye ua wa parokia au kambini. Kisa chake ni cha watu wenyewe: ugomvi wa shamba, mimba ya msichana wa shule, maji machafu na kipindupindu, kijana aliyerudi kutoka msituni.

Aina hii ina wazee wake. Augusto Boal wa Brazili alianzisha jukwaa ambalo mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo na kuingia kuubadilisha. Tanzania, Penina Muhando Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuunda michezo pamoja na wanavijiji, na kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo bado kinasomwa. Hapa mashariki mwa Kongo, tamthilia shirikishi ilienea pia kupitia mashirika yanayoshughulikia amani, likiwemo Search for Common Ground, ambalo lipo nchini tangu 2001. Vitabu na mafunzo hayo yanaeleza vizuri mwigizaji afanye nini na mwezeshaji aulize nini. Kuhusu anayeshika daftari husemwa machache.

Daftari la matini isiyoandikwa

Katika tamthilia ya kitabu, msimamizi huchukua matini, huacha nafasi pembeni mwa kila ukurasa, na kuandika humo kila kitu kinachopaswa kutokea: taa, sauti, mtu kuingia, kiti kuhamishwa. Kila tukio linafungwa kwenye neno fulani la mwigizaji. Kwa Kifaransa daftari hilo huitwa conduite. Mwigizaji akitamka neno lake, msimamizi anatoa ishara, na jambo linatokea.

Sasa fikiria tamthilia ambayo haina matini. Vikundi vyetu vingi huanza na kisa, si kitabu. Waigizaji hukaa, mmoja husimulia jambo lililotokea kwao, wengine huongeza, mwongozaji hulikata matukio matano au sita, na mazoezi huanza. Maneno huzaliwa mdomoni, na kesho hayatakuwa yaleyale.

Utaratibu huu si uvivu wala upungufu wa elimu, na si wa Goma peke yake. Mfano wake uliochunguzwa kwa makini zaidi katika nchi yetu ni wa Lubumbashi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa na kikundi cha Mufwankolo, kilichocheza kwa Kiswahili cha Katanga, wakati huo Shaba. Fabian aliuliza maana ya msemo wa Kifaransa unaosema kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima. Wasanii hawakutosheka na kumjibu, bali waligeuza swali lake kuwa tamthilia. Katika kitabu alichokitoa 1990, aliandika mazungumzo yao tangu majadiliano ya mwanzo hadi onyesho lililorekodiwa kwa ajili ya televisheni, na msomaji anaona jinsi mpangilio wa matukio unavyokubaliwa mapema huku maneno yakiendelea kutafutwa. Kwa mwanafunzi wa lugha, kitabu hicho ni hazina ya Kiswahili cha Kongo. Kwa msimamizi wa jukwaa kinathibitisha jambo analolijua: huwezi kuifunga ishara kwenye sentensi ambayo huenda isitamkwe.

Basi daftari la mtaani hufungwa kwenye vitendo. Hivi ndivyo ukurasa mmoja unavyoweza kusomeka:

Tukio la 4. Mama anarudi kutoka mtoni. Tukio linaisha Mama anapotua bidoni. Ishara: bidoni kugusa chini. Kinachofuata: ngoma, kisha Baba anaingia kwa upande wa mwembe. Muda: dakika 6, zisizidi 9. Vitu: bidoni ya njano, kikwembe cha buluu, barua iliyokunjwa. Jambo la lazima: watazamaji wajue kwamba barua haijasomwa.

Mambo mawili hapo yanahitaji maelezo. La kwanza ni bidoni. Mama anaweza kusema chochote, kwa urefu wowote, kwa lugha yoyote, lakini hataondoka bila kutua bidoni, na mlio wake hata mpiga ngoma aliyegeuka atausikia. La pili ni lile jambo la lazima. Katika tamthilia ya kitabu mwigizaji akisahau, mkumbushaji humnong'oneza mstari. Hapa hakuna mstari wa kunong'oneza. Kinachoweza kupotea ni habari ambayo bila yake tukio la tano halina maana. Msimamizi anayesikiliza vizuri hutambua kwamba habari haijasemwa, na humwambia mwigizaji anayefuata kuingia: taja barua. Kwa hiyo anasikiliza maana kuliko maneno. Ni zoezi gumu la usikivu, na wengi wetu tunaosoma uchambuzi wa matini hatujawahi kulifanya tukiwa tumesimama juani.

Maneno machache hata hivyo hubaki bila kubadilika, na kikundi hukubaliana juu yake: sentensi ya kufungua, swali linaloulizwa watazamaji mwezeshaji anaposimamisha mchezo, na sentensi ya kufunga. Hayo huandikwa neno kwa neno. Mwigizaji yupo huru kila mahali isipokuwa hapo.

Watu, saa na nauli

Mazoezi yakipangwa saa nane, huanza saa tisa na nusu. Ni rahisi kulaumu tabia ya watu. Lakini mwangalie nani yupo katika kikundi: dada anayeuza samaki sokoni na hawezi kuondoka kabla hajamaliza beseni, kijana motari ambaye kila saa ya mazoezi ni abiria aliowakosa, mwanafunzi anayesubiri mwalimu ambaye naye amechelewa. Hawalipwi. Mara nyingi wanachopata ni nauli, na nauli isipokuwepo huja kwa miguu.

Msimamizi mwenye uzoefu hapigani na hali hiyo bali huipanga. Huanza na matukio ya wanaofika mapema na kuweka ya muuza samaki mwishoni. Pia huhakikisha kwamba kila nafasi ina mtu wa pili anayeijua. Jambo hili la pili ndilo huokoa maonyesho. Katika jiji ambalo barabara inaweza kufungwa kabla ya mchana na familia ikahama usiku mmoja, kikundi chenye mtu mmoja kwa kila nafasi hakiwezi kuahidi onyesho lolote. Na hapa tamthilia isiyoandikwa ina faida yake: anayechukua nafasi hahitaji kukariri kurasa arobaini. Anahitaji kujua kisa, vitendo vinavyobeba ishara, na mambo ya lazima. Jioni mbili zinatosha.

Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake huko Kamiriithu, Kenya, walionyesha mwaka 1977 kwamba mazoezi yenyewe yanaweza kuwa ya watu wote. Walifanya mazoezi mahali pa wazi, wanakijiji wakisimama kutazama, kusahihisha lugha na kueleza jinsi mambo yalivyokuwa kweli. Kwa msimamizi huo ni mzigo, kwa sababu kila anayepita ana maoni, na muda unakwenda. Lakini siku ya onyesho watazamaji hao tayari wanajua mahali pa kukaa, na wenyewe huwanyamazisha watoto.

Barua na muhuri

Kamiriithu inatufundisha pia jambo jingine. Tamthilia ile ilikuwa na kibali, na kibali kilifutwa Novemba mwaka huohuo. Ngũgĩ alikamatwa 31 Desemba 1977 na kuwekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa walilolijenga wanakijiji lilibomolewa. Onyesho la wazi ni mkusanyiko wa watu, na hakuna utawala unaouangalia mkusanyiko wa watu kwa macho yaliyofumba.

Katiba yetu ya 2006, ibara ya 26, inawataka wanaoandaa shughuli barabarani au mahali pa wazi kuijulisha mamlaka husika kwa maandishi. Kujulisha si kuomba, lakini mtaani tofauti hiyo ya maneno haimlindi mtu. Barua moja haitoshi pia. Kuna barua ya ofisi, halafu kuna shefu wa avenyu, ambaye anataka kusalimiwa kabla ya kusoma chochote. Kijana anayefika na karatasi mkononi na kuanza kueleza mradi ameshakosea. Anayeanza kwa "Papa shefu, shikamoo, habari za nyumbani?", akakaa alipoonyeshwa, akaeleza kisa cha tamthilia kwa ufupi na kumwomba mzee awepo siku hiyo, atatoka na ruhusa, na pengine na viti. Kisha wapo wamama wauzaji ambao meza zao zipo pale tunapotaka duara, na mchungaji ambaye ibada yake ina bafle mbili kubwa kuliko sauti zetu zote. Kila mmoja ana namna yake ya kuongeleshwa, na kila mmoja anaweza kulisimamisha onyesho.

Msimamizi huweka nakala ya kila barua katika daftari, na humwendea kila mhusika tena siku moja kabla. Katika jiji ambalo mamlaka yalibadilika katikati ya vita Januari 2025, hawezi kudhani kwamba karatasi ya mwaka jana, au hata ya mwezi uliopita, bado inatosha.

Jiwe, jua na mvua

Uwanja wa Goma ni mgumu kwa maana halisi ya neno. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na lava ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Jiwe hilo jeusi ni kali kama wembe. Mwigizaji anayepaswa kuanguka hawezi kuanguka popote. Kwa hiyo asubuhi msimamizi hutembea uwanja mzima kwa miguu, huokota chupa na vyuma, na kutafuta kipande laini cha kama hatua nane kwa nane. Hapo ndipo huchora duara kwa chokaa au kamba. Mkeka huwekwa mahali pa kuangukia, na katika daftari huandikwa: haanguki nje ya mkeka.

Duara lina kazi zaidi ya kuonyesha mpaka. Watoto hukaa mbele, wazee kwenye viti, wengine husimama. Kadiri kisa kinavyonoga, watu husogea, na baada ya robo saa duara la hatua nane limekuwa la hatua nne. Kamba peke yake haizuii kitu. Kinachosaidia ni kuwapa kazi watu wa pale pale, hasa wamama wawili watatu wanaoheshimiwa, wakae mbele kabisa na watoto. Mtoto wa mtaa hamwogopi msimamizi, ila mama wa jirani anamwogopa.

Jua huamua saa. Karibu na ikweta giza huingia kwenye saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima. Onyesho linaloanza saa tisa alasiri likiwa la saa moja, na mjadala wa saa moja, humalizika kukiwa bado na mwanga wa watu kufika nyumbani salama. Likianza saa kumi na nusu, mjadala utakatwa, na mjadala ndio kiini cha kazi yote. Ndiyo maana msimamizi anakuwa mkali kuhusu saa kuliko mwongozaji. Pia huwapanga watazamaji wengi jua likiwa nyuma yao, maana mtu anayekunja macho hasikilizi.

Umeme ukiwepo ni zawadi, usipangiwe kitu. Jenereta hutoa mwanga na kumeza maneno, kwa hiyo ikitumika huwekwa mbali, na hilo linataka ralonji ndefu ambayo mtu hataikanyaga. Kikundi kilichojifunza kucheza bila mikro hakitegemei kuranti. Mvua nayo ina majira yake, Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei, lakini mlimani haina adabu. Lazima ijulikane mapema ni baraza gani au kanisa gani litapokea watu, na ni tukio gani linaweza kurukwa ili kisa kifike mwisho.

Vitu vya kuazima na kosa la bati

Mavazi na vifaa vingi ni vya kuazima: sufuria ya jirani, koti la mjomba, chukudu ya kijana aliyekubali kukosa kazi ya alasiri moja. Kanuni ni rahisi na ni ngumu kuitimiza: kila kitu kiandikwe na jina la mwenyewe, kirudishwe jioni hiyohiyo, kikiwa safi. Kikundi kinachopoteza sufuria moja kimepoteza mtaa.

Vitu viwili haviazimwi wala kutengenezwa: sare ya askari na bunduki, hata ya mti. Kijana aliyebeba mfuko wenye vitu hivyo njiani kwenda mazoezini hatapata nafasi ya kueleza kwamba ni sanaa. Mamlaka ya askari huonyeshwa kwa namna ya kusimama, kwa fimbo, kwa jinsi wengine wanavyomwogopa.

Nilikuwa nikidhani hilo linatosha. Katika kikundi nilichokisaidia tulikuwa na kisa cha shamba, ambapo ugomvi wa ndugu wawili unaishia watu wenye silaha wakiingia. Bunduki hatukuwa nayo, kwa hiyo tulitumia sauti: kipande cha bati, fimbo, mapigo matatu nyuma ya waigizaji. Ishara ilikuwa katika daftari langu, na mimi ndiye niliyeitoa. Pigo la pili halikufika. Watoto waliokaa mbele walikuwa wameshasimama, na nyuma yao watu wazima walikuwa wanakimbia bila kutazama wanakokwenda, juu ya mawe yale. Mama mmoja alipasuka goti. Tulitumia nusu saa kumtafuta mtoto ambaye kumbe alikuwa amekimbilia kwa shangazi yake, na viatu vilibaki uwanjani kama baada ya mafuriko. Hakuna aliyetutukana. Mama yule aliyeumia alituambia tu kwamba sauti ile wanaijua, hatukuwa na haja ya kuwaonyesha.

Daftari lilikuwa sahihi: ishara ilitoka kwa wakati, kitendo kilifanyika kama tulivyokubaliana. Kosa lilikuwa kwamba niliifikiria sauti kama sehemu ya kisa, wakati kwa waliokaa pale ilikuwa sehemu ya maisha yao. Tangu siku hiyo tukio lile linachezwa kimya. Ngoma inanyamaza, ndugu wawili wanageuka kutazama upande mmoja, na msimulizi anasema walikuja. Watu hutulia kabisa. Na katika daftari, juu ya kila ukurasa, kuna swali jipya kabla ya orodha ya vitu: nani hapa anaweza kuumizwa na jambo hili?

Majina, lafudhi na lugha

Swali hilohilo linahusu maneno. Katika duara moja la Goma kuna wanaozungumza Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kishi, Kilingala na vingine, na wote wanakutana katika Kiswahili. Kiswahili hicho si kile tunachofundishwa darasani. Mwigizaji akisema "shamba hili ni la nani?" ataeleweka, lakini baadhi watahisi kwamba anasoma habari redioni. Akisema "ile shamba ni ya nani?" yupo nyumbani. Katika kikundi chetu shefu na karani huzungumza Kiswahili chenye Kifaransa kingi, mwalimu huzungumza sanifu, na wengine huzungumza cha mtaa. Watazamaji hucheka mahali panapostahili kwa sababu wanatambua tofauti hizo.

Hatari ipo katika lafudhi. Mwizi wa ardhi akipewa lafudhi ya kabila fulani, kikundi kimeshataja mshitakiwa, hata kama hakuna jina lililotamkwa. Mwigizaji huenda asikusudie. Lafudhi huchekesha, kicheko humtia moyo, na onyesho la tatu huwa kali kuliko la kwanza. Mwongozaji aliye ndani ya mchezo haoni. Msimamizi aliye nje ndiye anayesikia, na ndiye anayepaswa kusema jioni hiyohiyo, faraghani, kaka, ile sauti tuiache. Vivyo hivyo kwa majina: wahusika wetu huitwa Mama, Baba, Mzee, Jirani, au jina la ubatizo lisiloelekea upande wowote. Kabla ya kila onyesho jipya huulizwa kama kuna mtu pale mwenye jina hilo na kisa kama hicho. Akiwepo, jina linabadilishwa hata ikiwa imebaki saa moja.

Huu ni uchambuzi wa isimujamii, tena wenye matokeo siku hiyohiyo. Darasani tukikosea kuhusu lafudhi na utambulisho tunapoteza alama. Uwanjani jirani wawili wanaweza kuacha kusalimiana.

Mtazamaji anapoingia

Mchezo ukisimamishwa na watazamaji kuulizwa wangefanya nini, daftari hufika mwisho wa kurasa zake. Mzee anaweza kuingia na kueleza kwa dakika ishirini historia ya mipaka ya mashamba tangu babu yake. Mtu mwingine anaweza kusema kwamba, kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya serikali, na mzozo wa kweli ukaanza palepale juu ya karatasi na desturi. Mwezeshaji huongoza maneno. Msimamizi huangalia mambo mengine matatu: saa, njia ya kutokea iliyo wazi, na nyuso za wanaonyamaza. La tatu ni la maana. Wanawake walio nyuma mara nyingi ndio wenye shamba linalozungumziwa, na hawatasema mbele ya shemeji. Msimamizi anayeona hivyo humpa mwezeshaji ishara apumzishe mjadala na kuuliza upande ule, au huandika ili kikundi kirudi kuzungumza nao peke yao.

Mambo yakichemka, ipo sentensi ya kufunga ambayo kila mwigizaji anaijua, na ngoma inayoifuata. Kufunga mapema si kushindwa. Kazi ni kuhakikisha kwamba watu wanaondoka wakiwa na jambo la kuzungumza nyumbani, na kwamba kikundi kinaweza kurudi.

Madaftari haya yaende wapi?

Baada ya onyesho msimamizi huandika ukurasa wa mwisho: muda halisi, kilichorukwa, waliosema nini, msemo mpya ambao mwigizaji ameuvumbua na watu wakaupokea. Halafu daftari linajaa, linanunuliwa jingine, na la zamani hulowa mvua au kuwashia jiko.

Hapo ndipo kitivo chetu kinaweza kufanya kitu kisichohitaji pesa nyingi. Kwanza, tuwe na istilahi. Nimelazimika katika kurasa hizi kueleza kwa maneno mengi mambo ambayo vikundi huyataja kwa neno moja la Kifaransa, na wanafunzi wa tafsiri wangeweza kukaa na vikundi hivyo na kukusanya maneno wanayoyatumia kweli, ya Kiswahili na ya kuazima, kabla ya kubuni mapya. Pili, tuyatunze madaftari. Fabian alikuja kutoka mbali na kutuachia kumbukumbu ya Kiswahili cha jukwaani cha Lubumbashi cha 1986. Cha Goma cha leo kipo katika madaftari ya shule ya vijana tunaopishana nao barabarani, pamoja na visa vyenyewe vya mashamba, njia na hofu za jiji hili. Nakala za picha za simu zingetosha kuanzia, majina ya watu yakiwa yamefichwa. Tatu, mwanafunzi wa matini simulizi aende angalau mara moja kushika daftari, asimame kando ya duara na asikilize tukio zima akitafuta si mstari uliosahaulika bali maana iliyopotea. Atarudi darasani anajua kwa nini bidoni inayotuliwa chini ni sehemu ya matini.